Oksimita kidoleni, na pumzi je?

Mama aliyepanda matatu kutoka Bondo hadi Kisumu na kijana wake mwenye ulemavu wa akili, gego limeoza na mdomo hataki uguswe, hana haja na mabishano ya wataalamu kuhusu vifaa vya kumlinda mgonjwa aliyetulizwa kwa dawa. Anataka jino litoke. Ndiyo maana nawaelewa madaktari wa meno wanaosema: mtulize kwa midazolamu, dawa ya kusinziisha, mvishe kidoleni oksimita, kifaa cha kupima oksijeni, fanya kazi. Ukiwalazimisha kununua kapnografu, mashine inayopima kaboni dioksidi katika pumzi anayotoa mgonjwa, kliniki ndogo zitaacha kuwapokea wagonjwa hawa. Tena wengine hawavumilii mrija wake puani hata dakika moja.

Lakini wanaoidai mashine hiyo wanaonekana watu wa makaratasi tu, na hapo wanaonewa. Dawa ikishaingia, daktari hujua mgonjwa amezama kiasi gani kwa kumwita: "Fungua macho." Akiitika, vyema. Sasa kijana huyu, ambaye hata asubuhi nyumbani haitiki kila akiitwa, utampimaje? Amenyamaza kwa sababu dawa imezidi, au ndivyo alivyo? Akiwa na sindromu ya Down, ongeza ulimi ulio mkubwa kuliko nafasi yake, ukilegea unaweza kuziba koo.

Oksimita, kwa upande wake, hupima oksijeni iliyomo kwenye damu. Pumzi haiioni. Mgonjwa anayepewa oksijeni anaweza kuacha kupumua dakika nzima na namba ikabaki pale pale, 98.

Halafu kuna jambo la ngozi, ambalo haliniondoki. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha oksimita na damu ya ateri ya wagonjwa waliolazwa. Pale oksimita iliposoma asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi. Kwa weupe, asilimia 3.6. Zaidi ya mara tatu! Hawakuwa kwenye kiti cha meno, ni kweli. Ila huku kwetu Kisumu, Kondele na Ahero, karibu kila kidole kinachoingia kwenye kifaa hicho ni cheusi, nasi ndio tunaoambiwa kidole kinatosha.

Mwongozo wa 2016 wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani unadai kapnografia, yaani kipimo cha mashine hiyo ya pumzi, kwa anayetulizwa kiwango cha kati, isipokuwa hali ya mgonjwa, ya matibabu au ya kifaa ikiizuia. Unataja pia stethoskopu iliyobandikwa kifuani au shingoni, kusikiliza hewa ikipita. Hiyo Kisumu tunaimudu. Isipopatikana mashine, basi stethoskopu, na sikio la mtu aliyefunzwa asiye na kazi nyingine mle chumbani. Msaidizi anayeshika mpira wa kunyonya mate hawezi kuwa ndiye huyo, wala mama aliyeombwa amshike mwanawe kichwa.