Historia si ya wasomi peke yao

Kuna mwandishi anayesema eti Mkristo akishakuwa na Biblia, historia ya kanisa haimhusu, awaachie wasomi! Hapo simuungi mkono. Luka mwenyewe anapoanza habari za mahubiri ya Yohana Mbatizaji anataja mwaka wa 15 wa Kaisari Tiberio, na Pilato akitawala Uyahudi. Alitaka msomaji ajue lini na chini ya nani. Na vitabu 27 vya Agano Jipya? Orodha ya zamani zaidi tuliyo nayo inayovitaja vyote, bila kuzidisha wala kupunguza, ni ya barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Ario naye, aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, alikataliwa na mkutano wa maaskofu huko Nikea mwaka 325, lakini hoja zake bado nazisikia zikihubiriwa kama ufunuo mpya, na waumini wanaitikia amina. Kwenu mambo haya yanafundishwa, au yanaishia darasa la kipaimara?