Treni Inaishia Miritini, Sisi Twakaa Malindi

Kila likizo ikikaribia lazima atokee mtu wa Nairobi aandike mtandaoni: "Siku hizi kwenda Malindi rahisi, panda treni tu, masaa matano uko Pwani." Pwani ipi, ndugu yangu? Treni ya SGR ya kutoka Nairobi yakushusha Miritini, stesheni iliyo bara, nje ya kisiwa cha Mombasa. Kutoka hapo hadi Malindi kumebaki kilomita 120 na ushei, na hizo ndizo safari yenyewe.

Nitakubali, shingo upande, kwamba treni haina neno. Tangu ianze mwaka 2017 imeondoka kwa saa iliyoandikwa, jambo ambalo sisi wa matatu tulikuwa tumelisahau kabisa. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024, watu wakanung'unika, na bado tiketi za Krismasi hazipatikani. Unabonyeza *639#, unaweka nambari ya kitambulisho, unalipa kwa simu, unafika saa moja kabla ili mbwa wanuse mabegi yaliyopangwa mstari. Sawa. Yote hayo yana mwenyewe, mtu aliyekaa akayapanga.

Sasa angalia saa za kuingia Miritini. Ile ya asubuhi, inayosimama vituo vya njiani, yatoka Nairobi saa mbili na kufika mwendo wa saa nane mchana. Ya saa tisa alasiri yaingia kama saa mbili usiku. Ya saa nne usiku yakufikisha saa tisa na nusu za usiku wa manane, wakati ambapo hata paka wa stesheni amelala. Katika hizo tatu ni moja tu inayomwachia mtu wa Malindi mwanga wa kutosha kufika kwake.

Chukua ya alasiri, maana ndiyo wanayoipenda wenye kazi. Umeshuka saa mbili usiku. Nje ya geti manamba wanaita "Tao! Tao!" na madereva wa teksi wanakutajia bei ya kukupima akili. Wa Kwale na Likoni siku hizi wana barabara ya Dongo Kundu, wanaikwepa Mombasa na kivuko chake. Wa kaskazini hatuna mzunguko wowote. Lazima upite Jomvu, Mikindani, Changamwe, katikati ya matrela ya bandarini, uingie kisiwani kwa Makupa, uvuke kisiwa, kisha utoke tena kwa daraja la Nyali. Yaani unaingia mjini ambako huna haja nako, saa ambayo mji mzima unarudi nyumbani, ili upate ruhusa ya kutoka.

Ukifika steji ya Malindi utakuta gari la viti 14 na watu kumi ndani. Moyo unatulia: wanne tu tuondoke. Mtazame vizuri yule wa karibu na mlango. Hana begi, hana hata mfuko wa mkate. Hakuuliza nauli. Makanga anamwita kwa jina. Huyo si abiria, ni kijana wa kukalia kiti ili wewe uingie, na ukishaingia na kufungiwa begi nyuma, atashuka "kununua maji" na hatarudi. Halafu wa pili. Ndiyo maana gari lenye watu kumi linaweza kuchukua saa nzima kupata wanne. Kabla hujapanda uliza kwa sauti, watu wote wasikie: "Nani hapa anakwenda Malindi?" Wa kweli watajibu kwa hasira, kwa sababu wamechoka. Wa kukodiwa watatazama simu.

Bei ya mzigo ielewane begi likiwa bado mkononi mwako. Likishaingia chini ya kiti cha nyuma, hilo si begi tena, ni rehani.

Halafu kuna kuuzwa. Gari linafika Mtwapa au Kilifi, abiria wengi wameshuka, dereva anaona waliobaki hawamlipii mafuta hadi Malindi. Anaegesha, makanga anazungumza na mwenzake wa gari lingine, noti mbili tatu zinabadilishana mikono, nawe unaambiwa, "Mama, panda ile, ushalipiwa." Kwenye ile hakuna kiti, kuna kibao kilicholazwa baina ya viti viwili, na nusu ya mwili wako iko kwenye mapaja ya mtu. Mwenye kujua halipi nauli kabla ya daraja la Kilifi. Aliyekwisha kulipa asiinuke mpaka makanga mpya aseme kwa kinywa chake, mbele ya yule wa kwanza, kwamba huyu kalipiwa hadi Malindi. Mukiachana bila neno hilo utadaiwa tena hapo Gede, gizani, na hakuna shahidi.

Sisemi makanga ni mashetani. Mwenye gari anataka hesabu yake kila jioni, na gari lisilojaa halileti hesabu. Lakini mtu aliyetoka Nairobi hadi baharini kwa masaa matano akitumia masaa manne mengine kufika Malindi, usimwambie usafiri umeboreshwa.

Ipo njia ya pembeni ambayo wengi hawaitumii. Treni ya asubuhi husimama Mariakani, kabla ya Miritini. Kata tiketi ya Mariakani, shuka hapo mchana, shika gari la Kaloleni, kisha la kuteremkia Mavueni, ambako unaipata barabara kuu ya Malindi karibu na Kilifi. Lami ipo, na foleni ya Changamwe umeikwepa yote. Ubaya wake: magari ya Kaloleni si mengi, mara nyingi ni probox iliyobeba watu tisa, na pale Mavueni unasimama kando ya barabara ukingojea gari lililokwisha kujaa Mombasa. Mwenye mtoto au masanduku mawili asijaribu. Na kurudi kwa njia hiyo ni ndoto, kwa sababu treni ya asubuhi kutoka Miritini nayo huondoka saa mbili. Ungehitaji kutoka Malindi usiku wa manane.

Dawa ya haya haihitaji mkopo wa China. Ni basi. Basi la viti 33 linalongoja pale pale ndani ya uwanja wa stesheni, limeandikwa Kilifi, Watamu, Malindi, na kiti chake kinauzwa pamoja na tiketi ya treni kwenye simu ile ile. Abiria wanajulikana idadi kabla treni haijatoka Nairobi, kwa hiyo hakuna haja ya kukodi vijana wa kukalia viti. Basi moja kwa treni inayofika mchana, moja kwa inayofika saa mbili usiku, na asubuhi liwateremshe stesheni wanaokwenda Nairobi. Sacco zetu za matatu zina magari hayo. Hivi sasa yanabeba harusi na mazishi.

Ujenzi wa barabara ya Mtwapa hadi Kilifi utasaidia, ukiisha. Tuktuk za Malindi mjini sina ugomvi nazo. Na reli ya Lamu tuiache: mradi wa bandari na reli ulizinduliwa mwaka 2012, gati la kwanza la bandari likafunguliwa 2021, na garimoshi bado liko kwenye ramani. Jamaa zetu wa Amu, yaani Lamu, wanashuka basi Mokowe na kupanda mashua, mvua ikizidi barabara inakatika huko Garsen, na hawasikiki wakijisifu kwa masaa matano.

Nimesikia pingamizi moja tu yenye uzito: treni ikichelewa, basi litafanyaje? Litangoja. Matatu hungoja saa nzima pale steji kwa ajili ya kiti kimoja, tena na abiria wa bandia ndani. Basi likingoja treni dakika ishirini, kuna msiba gani?