Tupeleke spana nyumbani, si baiskeli

Kila mwaka, msimu wa korosho unapokaribia, sisi watu wa Mtwara na Lindi tunaoishi Uholanzi huanza kuulizana ni nani anajaza kontena na nafasi imebaki kiasi gani, na kila mwaka hakosi mwenzetu mwenye moyo mwema anayetaka kupeleka baiskeli. Nimeishi Groningen miaka 13, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hobi yangu imekuwa kununua baiskeli kuukuu, kuzifungua hadi gololi ya mwisho, kuziunda upya na kuzitunza. Wengi hudhani nitakuwa wa kwanza kuchangia. Mimi nasema tusipeleke baiskeli, tupeleke spana. Na sababu ya kwanza ni baiskeli niliyoipeleka mimi mwenyewe.

Mwaka 2017 nilimpelekea binamu yangu wa Mikindani, mtoto wa mjomba, baiskeli niliyoiunda kwa muda wa majira yote ya baridi. Fremu yake ilikuwa ya chuma, nyeusi, na ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, mlikuwa na gia tatu za Sturmey-Archer, kampuni iliyoanzia Nottingham, Uingereza, mwaka 1902. Habu ya namna hiyo ni kazi ya akili sana. Gia zote zimefungiwa ndani, hazionani na vumbi wala mvua. Gia ya kati huliendesha gurudumu sawasawa na mnyororo, ya kwanza hupunguza mwendo kwa robo, na ya tatu huuongeza kwa theluthi. Mabadiliko yote hayo yanategemea kicheni kimoja chembamba, kifupi kuliko kidole, kinachochomoza kwenye ncha ya ekseli na kuunganishwa na waya wa gia.

Baada ya miezi minne kicheni hicho kikakatika. Habu hiyo, waya ukilegea, hukaa kwenye gia ya tatu, yaani ile nzito kuliko zote, na binamu yangu huenda shambani kwa njia ya mchanga ambao hata mtembea kwa miguu huzama hadi kifundoni. Groningen kicheni hicho naweza kukipata kesho asubuhi. Yeye alikitafuta Mtwara mjini, akaagiza Lindi na Masasi, asikipate. Wakati huohuo tairi ya nyuma ikachanika. Ubavuni ilikuwa imeandikwa 28, na tairi za 28 zimejaa madukani kwetu kwa sababu ndizo za baiskeli za Phoenix na Avon, basi akanunua moja, fundi akaivisha, ikapwaya, na kila ilipotiwa upepo ikaruka nje ya ringi. Ndipo nilipojifunza jambo ambalo kwa miaka yote huku sikuwahi kulazimika kulijua: kuna 28 na 28. Ringi niliyoitumia ilikuwa na kipenyo cha milimita 622, na ya Phoenix ni milimita 635. Milimita 13 tu, lakini hakuna fundi wa kuzipunguza. Namba hizo huwa zimechapwa ubavuni mwa tairi kwa tarakimu ndogo, 37-622 au 40-635, na tangu siku ile sinunui chochote bila kuzisoma.

Baiskeli ile sasa imetundikwa ukutani stoo, na binamu amerudia Phoenix aliyoachiwa na marehemu baba yake.

Hiyo Phoenix ndiyo iliyonifundisha baiskeli kabla sijaiona Ulaya. Mjomba, ambaye kwa desturi yetu Wamakonde ni mzazi zaidi ya mzazi, alikuwa akinituma niipeleke kwa fundi chini ya mwembe, si mbali na ufuko wa Mikindani, naye alikuwa na sharti moja: nisiondoke mpaka kazi iishe, nikae nitazame. Nilitazama. Fundi aliipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani, akashika kipande cha chaki na kukiegemeza kwenye foku, ncha yake ikikaribia ringi, kisha akalizungusha gurudumu taratibu. Pale ringi ilipotoka nje, chaki iliacha alama nyeupe. Akalisimamisha, akazigonga spoku za pale moja moja kwa msumari huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani, na iliyolegea ilitoa mlio mzito usiofanana na wa wenzake. Alikaza za upande mmoja nusu mzunguko, akalegeza za upande wa pili nusu mzunguko, akafuta chaki kwa kidole, akazungusha tena. Gurudumu la nyuma la Phoenix lina spoku 40 na la mbele 32, na sikumwona akiharakisha hata moja.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuhesabu gololi ndani ya kifuniko cha kopo lenye mafuta ya taa: 9 za robo inchi kwa kila upande wa habu ya nyuma, 10 ndogo zaidi kwa kila upande wa habu ya mbele. Ikipotea moja hatukuondoka. Na alipotaka kutoa kota pini, kile kipande cha chuma kinachoufunga mkono wa pedali kwenye ekseli, hakupiga nyundo hivihivi. Aliuegemeza mkono ule juu ya kipande cha chuma cha reli kilichokita ardhini, ili pigo liishie kwenye chuma kile na lisizifikie gololi za ekseli. Miaka mingi baadaye nilimwona Mholanzi mmoja, mstaafu aliyekuwa akiunda baiskeli tangu ujana wake, akifanya vilevile kwa bomba la chuma alilolisimamisha sakafuni. Nilimwambia kwamba kazi hiyo naijua, na tangu siku hiyo tukawa tunafanya kazi pamoja.

Nasema haya kwa sababu wengi wetu huku tunaamini kwamba ujuzi wa baiskeli uko Ulaya na nyumbani kuna uhitaji tu. Ni kweli Uholanzi ni nchi ya baiskeli: watu takriban milioni 18 wana baiskeli zaidi ya milioni 23, na chini ya kituo cha treni cha Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500. Mpenzi wa kuunda baiskeli hapati shida ya kununua. Zinauzwa mtandaoni, zinauzwa kwenye maduka ya mitumba, na halmashauri hukusanya zilizotelekezwa na kuziuza. Mimi kabla ya kutoa pesa huandika namba ya fremu kwenye rejesta ya polisi kuona kama si ya wizi, kisha hupitisha kidole chini ya bomba la fremu, nyuma kidogo ya shingo ya usukani, kwa sababu baiskeli iliyowahi kugonga ukuta huacha mkunjo mdogo wa rangi pale hata kama macho hayauoni. Baada ya hapo huushika mkono wa pedali na kuutikisa kushoto na kulia, hunyanyua gurudumu na kulizungusha, na kusikiliza kama nilivyofundishwa.

Lakini ujuzi wenyewe, mikononi mwa watu wa kawaida, ni mdogo kuliko tunavyodhani. Saa ya fundi huku ni ghali mno. Mara ya kwanza nilipopata pancha Groningen nililipa yuro 17 dukani, zaidi ya shilingi 40,000, kwa kazi ambayo kwetu hufanywa kwa beseni la maji, msasa, solusheni na kiraka kilichokatwa kwenye tyubu kuukuu. Kwa hiyo watu wengi huona ni nafuu kutupa na kununua nyingine. Mwaka 2009 mwanamke mmoja wa Amsterdam, Martine Postma, alianzisha mikutano aliyoiita Repair Café, ambapo watu huleta vitu vilivyoharibika na kukaa pamoja na wajuzi wa kujitolea wakivitengeneza, na wazo hilo likaenea nchi nyingi. Nami hujitolea katika mkutano wa aina hiyo Jumamosi moja kila mwezi. Nikiwa pale, na mtu amekaa kando yangu akitazama jinsi ninavyofungua habu ya baiskeli yake, huona wazi kwamba hiki wanachokijenga upya kwa bidii ndicho kilichokuwa chini ya mwembe wa Mikindani, na sisi tunakiacha kife.

Kwa maana kinakufa. Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho nilitafuta mafundi watatu niliowajua utotoni, nikampata mmoja. Wa pili yuko kwenye pikipiki, na simlaumu, bodaboda ndiyo inayolipa. Wa tatu ametangulia mbele ya haki na hakuacha mwanafunzi. Vijana wanaona baiskeli ni alama ya kukosa pesa ya pikipiki. Hapa Mark Rutte, aliyekuwa waziri mkuu hadi mwaka 2024, alizoeleka kuonekana akienda ofisini kwa baiskeli, na hakuna aliyemwona duni. Ila heshima hiyo haikuja yenyewe. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani Uholanzi, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto, na wazazi wakaingia mitaani kudai njia salama. Na mwaka 1977 mji huu wa Groningen uligawanya kitovu chake katika sehemu nne ambazo gari haliwezi kuvuka kutoka moja hadi nyingine, ilhali baiskeli inapita. Mtwara na Lindi zina miji midogo, na sioni kwa nini barabara zake zisiwekewe njia ya baiskeli wakati zingali zinapanuliwa.

Nisiwapambe mafundi wetu kupita kiasi, kwa kuwa yapo tunayoyakosea. Oili chafu ya injini tunayomimina kwenye mnyororo ni adui. Mchanga wa kwetu ni laini, hunasa kwenye oili hiyo, na vikichanganyika huwa msasa unaosaga pingili usiku na mchana. Mnyororo unatakiwa ufutwe kwa kitambaa, uoshwe kwa mafuta ya taa, upewe tone moja la mafuta safi kwa kila pingili, kisha ufutwe tena mpaka ukishikwa usiache weusi mkononi. Pingili 24 za mnyororo mpya hupima inchi 12 kamili, na zikifika inchi 12 na moja ya nane ubadilishwe, la sivyo utakula meno ya gia. Hewa ya bahari yenye chumvi huharibu vyuma vya Lindi na Mikindani jinsi ileile chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu inavyoharibu vya Groningen, na dawa ni ileile: kufuta na kupaka. Vipuri navyo vimeshuka ubora. Kota pini zinazouzwa sasa ni laini kiasi kwamba huliwa ndani ya wiki chache, na fundi analaumiwa kwa kosa la kiwanda.

Hata hivyo, makosa mengi ya fundi ni makosa ya zana. Yule mmoja niliyemkuta hana ufunguo wa spoku. Anakaza kwa koleo, na koleo humaliza pembe za kinati mpaka hakikaziki tena. Koni za habu, zile nati zinazobana gololi, anazishika kwa spana nene isiyoingia vizuri, kwa hiyo hukaza kwa kubahatisha. Mnyororo anaufungua kwa msumari na nyundo. Nilimwachia ufunguo wangu wa spoku, kidude kinachoenea kiganjani, na kabla sijaondoka alikuwa ameshanyoosha ringi mbili za watu waliokuwa wakingoja. Nililinganisha ringi zile na kazi yangu ninayoifanya kwa mashine ya kushikia gurudumu. Yeye kwa chaki alikuwa amekaribia sana.

Wapo wenzangu wanaonijibu kwamba baiskeli ya bure, hata ikiharibika, ni bora kuliko kutembea. Ningekubali kama ingekuwa inaharibika na kutengenezeka. Baiskeli isiyo na vipuri Mtwara humfunga mwenyewe kwa ndugu wa Ulaya, kila kinachokatika kinakuwa ujumbe wa simu na miezi ya kungoja, na keria yake iliyopigwa muhuri wa kilo 25 haitabeba gunia la korosho wala madumu ya maji kwenye vilima vya Umakonde, kazi ambayo Phoenix yenye keria ya nondo hufanya bila kulalamika. Mwenye kulazimika kupeleka, basi achague baiskeli isiyo na gia, yenye ringi za 635, maana zile za zamani za Kiholanzi zilikuwa na ringi hizohizo, na valvu ya kimpira ambayo huku na kwetu ni moja. Mnyororo wake wa nusu inchi kwa moja ya nane utapatikana hata Nanyamba.

Mimi mwaka huu sijaomba nafasi kwenye kontena. Ninasafiri Desemba, na ndani ya begi langu nimeshapanga funguo sita za spoku, seti mbili za spana nyembamba za koni, vifaa vitatu vya kufungulia mnyororo, pakiti za gololi za saizi zote mbili, na kota pini 40 za chuma kigumu nilizozipata kwa mzee mmoja aliyefunga duka lake. Vyote kwa pamoja havifiki kilo tano. Fundi wa Mikindani amekubali kupokea vijana wawili Januari, na binamu yangu ameanza kuishusha ile baiskeli nyeusi ukutani, kwa sababu fundi anataka aisuke upya nyuma kwa habu ya kawaida na ringi ya spoku 40, na vijana hao waanzie hapo.