Kusahihisha makosa ya flashi: kazi ya saketi au ya kerneli?

Flashi aina ya NAND, kumbukumbu ya kudumu iliyomo ndani ya vifaa vingi, haiahidi kukurudishia ulichoandika kikiwa kamili. Seli huchakaa kwa kufutwa na kuandikwa, chaji huvuja data ikikaa sana, na hata kusoma ukurasa mmoja mara kwa mara huvuruga kurasa za jirani. Ndiyo maana kila ukurasa una nafasi ya ziada, kwa mfano baiti 64 kwa baiti 2048 za data, ambamo huwekwa baiti za kusahihishia makosa. Kinachobishaniwa ni nani azikokotoe: programu iliyo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi, kama Linux), au saketi maalumu ya kidhibiti cha flashi au ya chipu yenyewe.

Wanaoitetea saketi wana hoja nzito. Msimbo wa Hamming, unaosahihisha biti moja tu katika kila kipande cha data, hauichoshi prosesa yoyote. Lakini seli zilipozidi kuwa ndogo, biti moja haikutosha tena, ikabidi kuhamia BCH, msimbo unaosahihisha biti kadhaa kwa mpigo. Kerneli ya Linux ina maktaba yake ya BCH tangu 2011, nayo inafanya kazi vizuri, ila kila ukurasa unaosahihishwa hula muda wa prosesa, na kwenye vifaa vidogo muda huo ni haba. Saketi huimaliza kazi hiyo data ikiwa njiani. Tena mara nyingi ROM ya kuwashia kifaa husoma kipakiaji (programu inayopakia mfumo) kwa mpangilio wa baiti za kusahihishia iliotengenezwa nao kiwandani. Kerneli isiyoufahamu mpangilio huo haiwezi kukiandika upya kipakiaji hicho kikasomeka.

Mimi nakubaliana na hayo yote. Kinachonisumbua ni kile ambacho saketi haisemi.

Chukua BCH ya biti 8 kwa kila baiti 512. Kwa kawaida Linux huweka kizingiti kwenye robo tatu ya uwezo huo, yaani biti 6. Kipande kimoja cha ukurasa kikifikisha makosa 6, UBI, sehemu ya Linux inayosimamia flashi, huarifiwa na kuihamisha data kwenye bloku nyingine (kundi la kurasa zinazofutwa pamoja) kabla haijaharibika. Mpango huu unategemea idadi. Sasa kuna chipu zinazojisahihisha zenyewe na kurudisha jibu moja tu: nimesahihisha. Makosa yalikuwa mangapi? Haisemi. Draiva, yaani programu ya kerneli inayoiendesha chipu, ikichukulia kuwa ni mengi, bloku zitahamishwa bila sababu na flashi itachakaa mapema. Ikichukulia kuwa ni machache, hakuna atakayeshtuka mpaka siku biti ya 9 itakapoharibika. Kwa baadhi ya chipu za kampuni ya Micron, draiva ya Linux hulazimika kuusoma ukurasa upya bila kusahihishwa, kisha kulinganisha nakala mbili ili ihesabu tofauti. Ni njia ya kuchosha, lakini ni ya kweli.

Kurasa tupu nazo zina balaa lake. Ukurasa uliofutwa biti zake zote huwa ni 1. Biti moja ikigeuka 0, saketi nyingi hutangaza kosa lisilosahihishika, ilhali hakuna data iliyopotea. Kerneli ina programu ndogo maalumu ya kuhesabu hizo sufuri na kuamua kama ukurasa bado ni mtupu, lakini haina maana draiva isipoiita.

Hapo ndipo programu inapopata nguvu zake: mpangilio ni uleule kwenye kila bodi, hesabu iko wazi, na nakala ya flashi unaweza kuichambua kwenye kompyuta yoyote. Kidhibiti kinachochanganya data na baiti zake za ukaguzi kinaweza hata kuifanya alama ya bloku mbovu iliyowekwa kiwandani iangukie katikati ya data, na kwenye flashi nzima hakuna kitu kinachokwambia hivyo.

Kwa hiyo saketi iungwe mkono, na pale inapotoa idadi ya makosa iwe chaguo la kwanza. Ila draiva yake iruhusu usomaji ghafi, yaani bila kusahihishwa, ishughulikie kurasa tupu, na imwachie mwenye bodi nafasi ya kuchagua BCH ya programu kupitia maelezo ya kifaa (device tree), faili linaloieleza kerneli vifaa vilivyo kwenye bodi. Wapo watakaosema masharti haya yatachelewesha bodi nyingi kuingia kwenye kerneli kuu na kuwasukuma watengenezaji wabaki na kerneli zao za pembeni. Ni kweli, na ni hasara. Lakini bodi iliyochelewa bado inaweza kuingia toleo lijalo, ilhali mafaili yaliyoozea kimya kwenye vifaa vilivyokwisha kusambazwa hayarudishwi na kiraka chochote.