Safari Rally na mkoba wa uwekezaji: tahadhari inalipa hadi wapi?

Washauri wa fedha wanaupenda msemo mmoja wa madereva wa mbio za magari: ukitaka kuwa wa kwanza, kwanza ufike. Kwao maana yake ni kulinda mtaji kabla ya kufukuza faida. Anayeijua Safari Rally, mbio za magari za Kenya, hahitaji kufafanuliwa. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika saba. Mwaka 1968 wakaondoka 93, wakafika saba vilevile. Waliofika hawakuwa lazima wenye mbio kuliko wengine, bali wale ambao magari yao yalikuwa bado yanatembea.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa 1975. Lancia walileta Stratos, gari lililoundwa mahususi kwa ajili ya rali, jepesi na la kutisha kwa kasi. Aliyeshinda ni Ove Andersson, akiwa na Peugeot 504, ndugu ya zile 504 zilizokuwa zikibeba abiria kati ya Nairobi na miji ya mbali. Stratos haikuwahi kuishinda Safari hata mara moja. Mwenye hisa za kampuni zisizo na mbwembwe, zinazotoa gawio mwaka baada ya mwaka, anaposimuliwa kisa hiki hutabasamu.

Upande wa tahadhari una hoja nzito, na Wakenya wameziona kwa pesa zao. Imperial Bank ilipofungwa mwaka 2015, kisha Chase Bank mwaka 2016, kiasi kilichokuwa kinalindwa na bima ya amana kilikuwa shilingi 100,000 tu kwa kila mteja. Aliyekuwa ameweka kila kitu katika benki moja, akifuata riba iliyozidi kidogo ya majirani, aligundua kwamba faida ya miaka kadhaa haifidii mtaji uliokwama. Hesabu yenyewe haina huruma: ukipoteza nusu ya pesa zako, unahitaji faida ya asilimia 100 ili urudi ulipokuwa.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na washauri wetu. Safari ya 1975 na ya leo si mbio moja. Ya zamani ilikuwa maelfu ya kilomita wakati wa Pasaka, kwenye barabara ambazo lori na ng'ombe walikuwa na haki sawa na mshindani. Tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, inazunguka zaidi Naivasha, na vipande vinavyopimwa muda havifiki kilomita 400 kwa jumla. Anayejivuta kwa tahadhari kwenye kipande kama Kedong ataachwa. Mwaka 2022 Kalle Rovanperä alishinda kwa kukimbia kweli, na Toyota wakachukua nafasi nne za mwanzo.

Hata hivyo, ufupi haukuondoa hatari. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliingia Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Kwenye kipande cha kwanza cha asubuhi hiyo, Loldia, shokapu ya nyuma ikamwangusha. Sébastien Ogier akaondoka na kombe.

Tazama suala la tairi la spea. Kwingineko mara nyingi timu hubeba spea moja ili gari liwe jepesi. Naivasha wengi hubeba mbili. Spea ya pili ni mzigo unaokula sekunde kila kona, na pancha isipotokea itaonekana ni upumbavu. Ndivyo ilivyo pesa ya dharura inayokaa mahali pa kutolewa upesi. Haizai sana, na katika mwaka mzuri inakera kuitazama. Mtu mwenye karo ya kulipa Januari anahitaji spea mbili. Kijana wa miaka 25 mwenye mshahara wa uhakika, anayeweka akiba ya uzeeni, akibeba spea nne anajichelewesha bure, maana mfumuko wa bei unamla polepole bila kelele.

Na wakati mwingine, hapa kwetu, mwoga hulipwa kuliko jasiri. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hati fungani ya miundombinu, yaani ilikopa kwa umma kwa miaka kadhaa, kwa riba ya asilimia 18.46, bila kodi, ilhali mfumuko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 7. Hakuna dereva aliyewahi kupewa kombe kwa kuendesha taratibu namna hiyo. Ila waliobaki kwenye bili za Hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, wakidhani neema ile ni ya kudumu, kufikia katikati ya 2025 walikuwa wakipata chini ya asilimia 9.

Kuna jambo jingine ambalo mfano wa rali unalificha. Kabla ya mashindano dereva hupita njia pamoja na msaidizi wake wakiandika kila kona, naye msaidizi humsomea wakati wa mbio. Mvua ikinyesha usiku, kona ni ileile ila udongo si ule. Mwekezaji ana maandishi mabaya zaidi, kwa sababu hata kona huhama. Hisa ya Safaricom iliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 mwaka 2008, ikashuka chini ya 3 mwaka uliofuata, ikavuka 40 mwaka 2021, kisha 2023 ikawa chini ya 15. Aliyeisoma ramani ya 2021 akanunua juu kabisa alikuwa na maandishi safi ya barabara iliyopita.

Halafu sheria za rali ya sasa humruhusu aliyekwama Ijumaa kurudi Jumamosi, akiongezewa adhabu ya dakika. Aliyetumia pesa zake mwenyewe, ambazo hazihitaji kesho, hana tofauti kubwa na dereva huyo: atachelewa, lakini yumo. Aliyechukua mkopo wa sacco akanunua hisa hana ruhusa hiyo, kwa sababu makato yanaendelea kila mwisho wa mwezi hata soko likiwa limelala, na wadhamini wake nao wanasubiri.