Kinu cha nyuklia kinaoshwa na birimbi?

Kwenye kijiwe chetu cha kahawa Magomeni, habari za urani hazijapoa tangu Julai 2025, Rais Samia alipozindua mtambo wa majaribio wa kuchakata madini hayo Mto Mkuju, kule Namtumbo. Wenye kuota umeme wa nyuklia wanaota, wenye kuogopa mabomu wanaogopa. Juzi mzee mmoja, fundi wa reli mstaafu, akaleta swali ambalo sijawahi kulisikia redioni: "Mwanangu, hivyo vinu vikizeeka, wanaviosha na nini kabla ya kuvikata?"

Nikamjibu: birimbi. Kijiwe kizima kikacheka.

Utani ulikuwa nusu tu. Ukali wa birimbi unatokana kwa kiasi kikubwa na tindikali ya oksaliki, na ndiyo maana bibi zetu walisugulia masinia ya shaba kwa birimbi kuelekea sikukuu. Tindikali hiyohiyo, ya kiwandani lakini, ndiyo inayozungushwa ndani ya mabomba ya kinu kilichozimwa.

Bomba la chuma cha pua likipitisha maji ya moto kwa miaka 30 au 40, ukuta wake hushika utando mwembamba na mgumu, kama ukoko uliogoma kutoka sufuriani. Ndani ya utando huo kuna kobalti 60, aina ya metali inayotoa mionzi. Ni ileile ambayo kwa miaka mingi imetibu wagonjwa wa saratani pale Ocean Road, ila ya hospitali hukaa ndani ya kasha zito na hufunguliwa kwa kipimo. Ya bombani haina kasha. Fundi akija na msumeno, mionzi yake inampiga saa zote anazosimama pale. Kwa hiyo utando lazima utoke kwanza.

Oksaliki peke yake haiuwezi, kwa sababu utando una kromi isiyoyeyuka kirahisi. Katika njia moja iliyobuniwa Ujerumani, hutangulizwa tindikali ya pamanganeti, ndugu wa ile dawa ya zambarau, ikaibadilisha kromi hadi ikubali kuyeyuka. Kisha oksaliki inaingia, maji yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, na kuubandua utando uliobaki. Maji yanapitishwa kwenye punje za resini, nazo zinanasa chuma na kobalti. Mwisho wanatia haidrojeni peroksaidi na kumulika kwa miale ya urujuanimno: oksaliki inavunjika, inabaki hewa ukaa na maji. Maji hayohayo yanaanza duru nyingine. Hayamwagwi kila duru.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Kuosha si kazi ngumu kiasi hicho, hata mimi nimeosha. Zamani nilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja upande wa Vingunguti, jina nalihifadhi. Boila ilikuwa imejaa magamba ya chokaa, maana maji ya kisima pale yana chumvi balaa. Tukatia tindikali kali, asubuhi boila inang'aa, meneja anatupa mkono. Halafu tukabaki na mapipa ya maji machafu. Tukaizima tindikali kwa kostiki, na mapipa yakazidi badala ya kupungua, kwa kuwa kila unachomimina humo kinabaki humo, kimegeuka chumvi tu. Usiku mtu akafungua koki kuelekea mtaroni. Mtaro ule unakwenda Msimbazi, na Msimbazi ikifurika kila mtu wa Jangwani anajua kinachofuata.

Msidhani huo ni ushamba wetu peke yetu. Hanford, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kuna matangi 177 yaliyozikwa ardhini yakiwa na zaidi ya lita milioni 200 za taka. Taka zile zilitokana na kutengeneza plutoniamu ya mabomu, si kuosha vinu, lakini kosa linafanana: tindikali ilizimwa kwa kostiki ili isitafune matangi ya chuma cha kawaida, ujazo ukaongezeka. Na Oak Ridge, kituo kingine cha nyuklia hukohuko Marekani, jimbo la Tennessee, watafiti walieleza mwaka 1978 kwamba kobalti 60 ilikuwa ikisafiri ardhini kutoka kwenye mashimo ya taka. Aliyeibeba ni EDTA, kemikali ya kusafishia, iliyoishikilia kobalti isigande kwenye udongo. Sabuni ilikuwa nzuri mno.

Ndiyo maana nasema dawa ya kuoshea ichaguliwe kwa kinachobaki baada ya kazi, kabla hata ya kuuliza inang'arisha kiasi gani. Na siongelei vinu peke yake, ambavyo hatuna. Urani nayo mara nyingi huchakatwa kwa tindikali, na ngozi, betri na rangi za nguo hapa Dar zina maji yake machafu leo hii. Tume ya Nguvu za Atomiki ipo kwa sheria ya mwaka 2003. Ningependa mradi wowote wa aina hii ulete hesabu ya maji mezani kabla ya utepe kukatwa: yanaingia kiasi gani, yanatoka na nini ndani, yanalala wapi. Tuna wakemia wa kuisoma hesabu hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwauliza.

Nisitie chumvi sifa za resini. Kuna kitu hainasi: tritiumu, ambayo ni haidrojeni yenye mionzi iliyokwishakuwa sehemu ya maji yenyewe. Japani ilisafisha maji ya kituo cha nyuklia cha Fukushima kwa vichujio vya kila namna, na bado tritiumu ilibaki walipoanza kuyamwaga baharini tarehe 24 Agosti 2023.

Mzee wangu alinisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Akauliza hizo punje zilizonasa kobalti zinakwenda wapi. Nikamwambia zinafungwa ndani ya mapipa, pengine kwa saruji, zinahifadhiwa. Muda gani? Kobalti 60 hupungua nusu kila miaka 5 na robo hivi, kwa hiyo baada ya miaka 50 na ushee inabaki kama sehemu moja ya elfu, ingawa nikeli 63 iliyomo humo, nayo ya mionzi, hukaa zaidi.

"Miaka hamsini," akasema, "na makaratasi yake anatunza nani? Mimi hati ya kiwanja changu hapa Magomeni naifuatilia tangu 1988."