Kabla ya mtihani mwingine wa hisabati, tusome kwanza makosa ya watoto

Nilifundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili nchini Tanzania kwa miaka tisa kabla ya kuhamia Marekani, na huu ni mwaka wa sita nikifundisha somo hilohilo darasa la nane katika shule ya umma jimboni Texas. Umri wa wanafunzi wa pande zote mbili haupishani sana, na mada nyingi ni zilezile, kuanzia milinganyo hadi kanuni ya Pythagoras. Tena kila upande kuna mtihani mmoja mkubwa ambao mtoto anausikia tangu siku ya kwanza ya mwaka. Ndiyo maana ndugu na walimu wenzangu wa zamani hunipigia simu wakitaka kujua huku watoto wanaandaliwaje, na wengi hutarajia niwatajie programu fulani ya kompyuta au kitabu fulani. Huwa nawajibu kwamba tofauti yenye uzito haiko kwenye vifaa, wala haiko kwenye wingi wa mazoezi. Iko kwenye kinachofanyika baada ya mtoto kukosa swali.

Nianze na nyumbani, maana huko ndiko nilikokosea mimi mwenyewe. Maandalizi yetu ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili yalikuwa na utaratibu unaojulikana karibu kila shule: maliza mada mapema, kisha leta mitihani ya majaribio ya shule, ya wilaya na ya mkoa, na katikati yake wape watoto mitihani ya miaka iliyopita mpaka waizoee. Mtihani wenyewe una maswali 10 ya lazima, kila moja alama 10, kwa muda wa saa mbili na nusu. Kikokotoo hakiruhusiwi, ila mtahiniwa anaweza kutumia kitabu cha jedwali za hisabati cha Baraza la Mitihani, na anatakiwa aoneshe njia yote. Mkondo wangu wa mwisho ulikuwa na wanafunzi 87. Nilisahihisha karatasi zao usiku, nikajumlisha alama, nikawapanga kwa nafasi kuanzia wa kwanza hadi wa 87, na asubuhi nikaandika majibu sahihi ubaoni ili wayanakili kwenye madaftari yao. Hayo ndiyo tuliyoyaita masahihisho.

Kulikuwa na binti mmoja katika mkondo huo ambaye hakuwahi kukosa kipindi. Kwenye mtihani wa majaribio wa wilaya alipewa mlinganyo 3(x − 4) = 2x + 5. Akafungua mabano akaandika 3x − 4 = 2x + 5, na kwa kuwa hatua zilizofuata alizifanya bila dosari, akapata x = 9 badala ya 17. Nilimpa alama mbili za njia na nikaendelea na karatasi iliyofuata. Siku ya masahihisho alinakili jibu langu kwa mwandiko mzuri sana. Mwezi mmoja baadaye, kwenye mtihani wa mkoa, namba zilikuwa nyingine lakini kosa lilikuwa lilelile: 3 iliingia ndani ya mabano, ikakizidisha kitu cha kwanza na kukiacha cha pili. Alikuwa amefanya mitihani miwili, amepata masahihisho mara mbili, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye dakika tano kumwuliza ile 3 anaielewaje. Mtu huyo ningepaswa kuwa mimi. Mwisho wa mwaka hakufikia kiwango, akakariri kidato.

Nilipofika Texas, katika mwaka wangu wa kwanza, nilikutana tena na mlinganyo wenye umbo hilohilo. Walimu wa hisabati wa darasa la nane tulikutana baada ya jaribio, na mbele yetu palikuwa na orodha ya maswali, na kwa kila swali idadi ya waliochagua A, B, C na D. Karibu nusu ya wanafunzi wangu walikuwa wamechagua jibu linalopatikana kwa kutozidisha kitu cha pili ndani ya mabano. Mwenzangu mmoja akanieleza kwa utulivu kwamba jibu lile halikuwekwa pale kwa kubahatisha: watunga mtihani hujua watoto hukosea wapi, na kila jibu la uongo hutengenezwa kutokana na kosa halisi, ili atakayelichagua awe ametuambia alivyofikiri. Kesho yake hatukuwapa jibu sahihi. Tuliwarudishia jibu lao na kuwataka waliweke kwenye mlinganyo. Kwa mfano wangu wa nyumbani, ukiweka 9 mahali pa x, upande wa kushoto unapata 15 na wa kulia 23. Darasa lilinyamaza, kisha mtoto mmoja akasema kwamba basi ile namba ya nje inawadai wote waliomo ndani. Nilimkumbuka yule binti, na nakiri kwamba siku ile nilifundisha kwa shida.

Sheria ya mambo haya huku ni ya muda mrefu. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini mwaka 2002 iliyataka majimbo yawapime watoto hisabati na kusoma kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na sheria iliyoirithi mwaka 2015 haikuuondoa utaratibu huo. Hapa Texas mtihani huitwa STAAR, ulianza mwaka 2012, na kwa miaka michache sasa unafanyika kwenye kompyuta. Matokeo yakitoka, mzazi huingia mtandaoni akaona swali lenyewe na jibu alilotoa mwanawe. Mtoto asiyefikia kiwango, sheria ya jimbo inataka shule impe mafunzo ya ziada, saa 15 au 30 kutegemea hali yake, katika kikundi ambacho kwa kawaida hakizidi wanafunzi wanne. Wanne! Mwalimu aliyetoka kwenye mkondo wa 87 anahitaji muda kuizoea namba hiyo. Tena hisabati hupimwa peke yake, haifunikwi na masomo mengine, wakati nyumbani mwanafunzi anaweza kuvuka kidato cha pili akiwa na F ya hisabati kwa sababu masomo mengine yamembeba. Watoto wanalijua hilo mapema, na nimesikia wengi wakisema waziwazi kwamba hisabati wameshawaachia wenye vichwa vyao.

Sisemi haya ili mtu adhani huku kumenyooka. Mimi binafsi nimekaa kwenye kikao ambacho walimu tulielekezwa tuweke nguvu kwa watoto wanaokaribia mstari wa kufaulu, kwa kuwa hao ndio watakaoipandisha shule kwenye viwango vyake vya A hadi F, na walio mbali na mstari wasubiri. Nilipinga, na bado naona ni dhuluma. Majaribio ni mengi mno, na kuna majuma ambayo mtoto anapimwa kuliko anavyofundishwa. Kwenye upimaji wa kitaifa wa hisabati wa darasa la nane, wastani wa nchi nzima ulishuka kutoka 282 mwaka 2019 hadi 274 mwaka 2022, baada ya shule kufungwa wakati wa korona, na mwaka 2024 haukuwa umeinuka. Vifaa vyote hivi havikutosha kuwarudisha watoto walipokuwa.

Kuna jambo jingine ambalo nyumbani tunalo na huku limepungua, nalo ni alama za njia. Kwenye kompyuta, maswali mengi humpa mtoto haki yake kwa jibu la mwisho tu. Aliyekosea hatua moja kati ya tano na aliyebahatisha wote wanapata sifuri, au mbaya zaidi, aliyebahatisha anapata yote. Mtoto wa darasa la nane huruhusiwa pia kikokotoo kinachochora grafu, na nimewaona wanaokitumia kutafuta 7 mara 8. Ndiyo maana katika darasa langu kila mtu ana karatasi ya rafu kando ya kompyuta, na jibu lisilo na hatua zilizoandikwa silipokei, hata likiwa sahihi. Wazazi kadhaa walilalamika mwanzoni. Bila hatua, mimi sina cha kusoma, na nisipokuwa na cha kusoma sijui nimfundishe nini kesho.

Hata mbinu za kukumbukia zinafanana kuliko nilivyodhani. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Huku wana PEMDAS, yenye kazi hiyohiyo, ambayo herufi zake kwa Kiingereza husimamia mabano, vipeo, zidisha, gawanya, jumlisha, toa. Mwulize mtoto wa upande wowote 10 − 3 + 2 ni ngapi, na utapata wengi watakaosema 5, kwa sababu herufi zimewaambia kujumlisha kunatangulia kutoa. Jibu ni 9, kwani kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na hufanywa kwa mpangilio wa kutoka kushoto kwenda kulia. PEMDAS inaongeza mtego mwingine: 12 ÷ 3 × 2 ni 8, lakini anayeifuata herufi kwa herufi huzidisha kwanza akapata 2. Mbinu iliyobuniwa ili mtoto afaulu haraka ndiyo inayomkosesha, na mtihani wa majaribio hata ukirudiwa mara kumi hautaligundua hilo kama anayesahihisha anatazama jibu tu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nyumbani tunayo tayari hazina ya kusomea makosa. Baraza la Mitihani huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali. Ndani yake kuna vielelezo vilivyochukuliwa kwenye karatasi za watahiniwa wenyewe, mwandiko wao ukiwa vilevile, pamoja na maelezo ya walipopotea. Mada walizozimudu na zilizowashinda zimeoneshwa kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza. Katika miaka yangu tisa nilizisikia zikitajwa, lakini sikuwahi kukaa na hata moja nikaisoma hadi mwisho. Nilizifungua kwa makini nikiwa tayari niko Texas, na katika moja nilikuta mtahiniwa aliyefungua mabano kama yule binti.

Najua mwalimu atasema kwamba wanafunzi 87 hawawezi kusomwa mmojammoja, na yuko sahihi. Lakini swali moja linaweza kusomwa kwa wanafunzi wote 87. Unachagua swali lililokosewa na wengi, unaweka kando waliolipata, na karatasi zilizobaki unazitenga kwenye mafungu kufuatana na hatua ya kwanza iliyoharibika, bila kujali alama. Kwa kawaida mafungu hayazidi manne au matano, kwa sababu watoto hawakosei kiholela. Kila kosa lina mantiki yake. Kazi hiyo inachukua jioni moja, na kesho yake unajua somo lako litaanzia wapi. Pengine fungu mojawapo litakuwa la lugha tu, la watoto waliosoma Hisabati kwa Kiswahili miaka saba na ambao hawakulielewa sharti la swali kwa Kiingereza, na hao hawahitaji kufundishwa mlinganyo hata kidogo.

Mwalimu mmoja niliyefundisha naye zamani alinisikiliza, akafanya hivyo baada ya mtihani wa majaribio wa wilaya. Alinitumia picha ya meza yake ikiwa na mafungu manne ya karatasi, kila fungu likiwa na kijikaratasi juu chenye jina la kosa. Kwenye ujumbe wa sauti uliofuata alisema fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la mabano, na kwamba mtihani wa miaka iliyopita aliokuwa ameshautoa nakala kwa ajili ya Ijumaa ameuweka kabatini kwanza.